Karavani ya Mama Nyuma ya Kombi

Jumatano, 6 Julai 1983

Nimetoka hospitali na Mama, tuko nyumbani. Daktari anasema mfupa wa nyonga wa Mama hautaungana tena. Atakuwa wa kulala tu. Kukaa, hapana. Lakini maumivu yamepungua, moyo una nguvu, macho yanaona — nashukuru kwa hayo kabla sijaanza kulalamika.

Nilimweleza Mama polepole. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Halafu akasema anataka kurudi Kinkondja, kwa mdogo wake, Mama Kabedi. Anataka kuamka na harufu ya samaki wanaokaushwa. Hapa Kamina, anasema, anaamka na treni tu.

Treni haifiki kule. Lori litamvunja mifupa iliyobaki. Tunayo kombi, ile tuliyoachiwa na wamisionari wawili, mume na mke, waliporudi kwao — kitanda cha kukunja, jiko la gesi, mapazia. Majirani wanaiita nyumba ya Ferdinand. Lakini kitanda ni kimoja, na njiani lazima tulale.

Hapo njo penye shida. Ferdinand ni mume wangu, kwa hiyo ni mkwe wa Mama. Tangu anioe hajawahi kumtazama Mama usoni. Akiingia uani anakohoa kwanza, Mama apate kujifunika. Wakikutana njiani, yeye anapita majanini. Kula pamoja — hata mara moja. Sisi ni watu wa kanisa, mimi nafundisha, yeye ni karani wa mizigo pale gare, kituo cha treni, lakini heshima hiyo haijatoka nyumbani kwetu, wala sioni haya kuiandika. Mama alisema wazi:

"Kulala mu motoka moya na mukwe wangu? Afazali munizike hapa."

Ferdinand alikuwa nje ya dirisha. Alisikia. Mezani akaniambia: basi tutafute chumba cha pili chenye magurudumu, tukivute.

Nilidhani anatania.

Jumamosi, 9 Julai

Hakutania. Leo tumekwenda base, kambi ya jeshi. Adjudanti Bolingo, mtu wa jimbo la Équateur, anakaa kule na familia yake. Ferdinand anamfahamu kwa sababu ya mizigo. Nyuma ya hangari kuna karavani mbili zilizoachwa na mafundi Wazungu. Hazina injini, ni vyumba tu vya kulala, vya kufunga nyuma ya gari.

Moja ni kubwa, nyeupe. Sinki, kabati, vitanda vya watu wanne, kioo kirefu. Nilisimama mbele ya kioo kile zaidi ya ilivyopasa.

Nyingine ni ndogo, ya mviringo kama yai. Ndani — kuku! Mke wa Bolingo ameifanya banda. Mlango ulipofunguliwa jogoo alitoka kwanza, akatukagua, akarudi ndani.

Ferdinand akaipenda kubwa. Mimi pia, nisijidanganye. Bolingo akasema tuchukue tunayotaka, panya wa ile kubwa hawamlipi kitu. Mke wake akasema sawa, ila tukiitaka ndogo, kwanza tuwajengee kuku wake nyumba. Wema wa bure namna hii, na sisi si watu wa kabila lao wala wa kanisa lao.

Nimemsimulia Mama habari ya sinki na kabati na vitanda. Akauliza vitanda vyote hivyo ni vya nini.

"Minyi niko muntu moya."

Jumatatu, 11 Julai

Tumeifunga ile kubwa leo, kwa kujaribu. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu alikuwa ameshaunganisha bule nyuma ya kombi — ule mpira wa chuma ambao karavani inaukalia.

Kwenye lami tambarare, vizuri. Ferdinand akatoa mkono dirishani kama waziri. Halafu tukafika kwenye kale kamwinuko karibu na lango. Kombi ikalia, ikatetemeka, ikanuka ambriyaji — klachi — iliyoungua, ikasimama. Halafu tukaanza kurudi nyuma! Wanajeshi walikuja kusukuma, wakicheka, lakini walisukuma kweli.

Ferdinand alishuka, akazunguka karavani, akalipiga gurudumu teke dogo. Kombi yetu ni mzee, alisema, tusimpe mzigo wa kijana.

Nikaaga kioo. Ndogo njo yetu.

Ijumaa, 15 Julai

Mgongo unauma. Tumejenga banda la kuku la matofali, Ferdinand na Bolingo pamoja, kila mtu akiimba kwa lugha yake. Mimi na Mama Bolingo tulisugua yai letu ndani na nje: majivu, sabuni, maji ya moto, tena majivu. Chini ya uchafu wote kulikuwa na rangi ya manjano. Hakuna aliyejua.

Mama Bolingo akaleta godoro la sponji. Alisema kwao mama mgonjwa habebwi kwa mikono mitupu. Nikamkumbatia na sabuni yangu.

Jumapili, 17 Julai

Baada ya ibada tulikwenda kiwanja cha mpira kujifunza. Kanisa lote lilitufuata, pasta mwenyewe na Biblia kwapani. Kwenda mbele ni rahisi. Kurudi nyuma — ukitaka karavani iende kushoto, zungusha usukani kulia. Ferdinand alizungusha, ikajikunja kama kisu cha mfukoni. Tena. Tena. Watu walishangilia alipofaulu, hata mimi nilipiga vigelegele.

Lakini tukiongeza mwendo kidogo ilitingisha mkia, mpaka kombi nayo ikayumba. Tulikuwa tumeweka mfuko wa mahindi nyuma, mahali pa kitanda cha Mama, uwe badala yake. Tukauhamishia mbele, karibu na kombi. Ikatulia palepale.

Basi kitanda lazima kiwe mbele. Na mbele kuna dirisha. Na dirisha hilo linaonekana katika kioo cha dereva, sawasawa! Mkwe atakuwa na uso wa Mama machoni safari nzima.

Nimeshona pazia zito. Hata hivyo Ferdinand amekigeuza kioo kielekee paa. Anasema mimi nitakuwa kioo chake: nikae nimegeuka nyuma, nimwambie kinachotokea. Nimefunga pia kamba kutoka kitandani kwa Mama mpaka kengele ndogo ndani ya kombi. Akihitaji kitu, avute.

Jumatano, 20 Julai

Tumeondoka! Wanaume wanne wa kanisa walimbeba Mama na shuka lake. Ferdinand alikuwa amejificha nyuma ya nyumba mpaka mlango ukafungwa.

Barabara: mawe, vumbi, mashimo, tena vumbi. Tunakwenda kama bibi harusi. Mama alivuta kengele mara nyingi asubuhi. Kila mara nilishuka nikikimbia. Mara ya kwanza maji. Mara ya pili hakuna kitu, alitaka kujua kama kweli inalia. Halafu alitaka nimwambie kijiji gani tunapita.

Tumesimama kwenye shule ya kijiji, mwalimu ametupa uwanja na maji. Mama amelala kwenye yai lake, sisi kwenye kombi, katikati mapazia mawili na heshima yote iko salama. Nilimkuta anapapasa ukuta wa manjano. Alisema hajawahi kuwa na chumba chake peke yake. Alizaliwa katikati ya wengi, akaolewa katikati ya wengi.

Sijui kushukuru kunatosha wapi. Nitaanza na Mama Bolingo na godoro.

Alhamisi, 21 Julai



Adhuhuri, mahali pasipo na mtu. Majani makavu mpaka kiunoni pande zote mbili. Mchanga mwingi, kombi inavuta kwa shida, tukadhani ni mchanga. Kengele ikalia. Nikasema ngoja, Mama anauliza kijiji. Ikalia tena, haikuacha. Nikatazama nyuma — moshi chini ya karavani.

Breki ya gurudumu la karavani ilikuwa imeng'ang'ania. Chuma chekundu. Ferdinand alisimamisha gari, akachukua bidoni ya maji ya kunywa, akamwaga. Mvuke, halafu moshi tena. Sakafu ya mbao ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pembeni, na majani yale makavu yalikuwa yanagusa gurudumu. Akanipigia kelele nimtoe Mama.

Nilijaribu. Nilimshika kwapani, akalia kwa maumivu, nikamwacha. Peke yangu siwezi. Nikatazama barabara huku na huku, hakuna hata baiskeli.

Ferdinand alikuja mpaka mlangoni, akasimama pale na kichwa chini. Mama alipoona kivuli chake akajifunika uso kwa kitenge. Akasema nimwambie yule mtu asiingie. Akasema aungue, ni sawa, amekwisha kuishi.

Hapo mume wangu akasema naye, mwenyewe. Sijawahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwa Mama.

"Mama, unisamehe. Minyi mutoto wako. Nakubeba sasa."

Hakungoja jibu. Aliingia, akapiga magoti, akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya magoti, pamoja na godoro zima, akamtoa kama unavyotoa mkate kwenye oveni. Polepole. Mimi nilishika miguu. Tulivuka barabara, akamlaza kwenye mchanga mtupu, juu ya godoro la Mama Bolingo. Macho alikuwa ameyafumba muda wote, alijikwaa mara mbili kwa sababu hiyo, na hakumwangusha.

Halafu akarudi akapigana na gurudumu. Mchanga njo uliotuokoa, aliumwaga kwa sufuria mpaka moshi ukafa. Alifungua breki, akaiondoa kabisa. Sasa karavani haina breki, inategemea kombi tu. Tukisimama inabidi kutia mawe.

Mama hakuvuta kengele mchana wote. Alirudishwa ndani kwa namna ile ile, kitenge usoni. Niliogopa. Nilidhani tumemvunjia kitu kibaya kuliko mfupa. Ferdinand naye hakula. Alikaa upande mwingine wa kombi, akisafisha mikono ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Jioni nilimpelekea Mama uji. Akanywa nusu. Akaniangalia sana.

"Bwana yako iko mifupa tupu. Nilisikia mu mikono. Unamupikiaka nini?"

Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi, au nililia, sijui. Ferdinand aliuliza amesema nini. Nilimwambia anakusalimia.

Ijumaa, 22 Julai

Nipo kando ya mto, nimekaa kwenye mlango wa kombi. Ng'ambo ndiyo barabara ya Kinkondja. Upepo unaleta harufu ya samaki tayari, Mama alikuwa wa kwanza kuisikia, alivuta kengele kutuambia.

Bac — ile mashua bapa ya chuma ya kuvusha magari, watu wanaivuta kwa mikono kwenye kebo — ni ndogo. Haiwezi kuchukua kombi na karavani pamoja. Mkubwa wa bac, mzee Jean-Baptiste, alipima kwa macho, akasema moja moja. Kwanza nyepesi.

Tukaifungua karavani. Nikasema tumtoe Mama, avuke nami kwenye kombi. Mama akakataa. Ametolewa jana, imetosha. Lakini karavani haina breki: lazima mtu mwenye nguvu akae nayo, ashikilie mawe, mto ukitikisa. Mimi si mtu huyo. Na kombi na mizigo haviwezi kuachwa peke yavyo hapa.

Ferdinand alinitazama. Nilitazama karavani. Kutoka ndani Mama akasema, bila kuulizwa, kwamba mtu huyo apande, mto haungoji. Basi wavuvi wa pale wakasukuma, wakaweka mawe, wakaondoka: Mama ndani, mume wangu ameketi nje kwenye kizingiti, mgongo kwa mlango, mguu kwenye jiwe.

Wamefika katikati ya mto na kebo imekwama kwenye roda. Hawaendi mbele, hawarudi. Mzee Jean-Baptiste anapaza sauti kwamba si hatari, mtumbwi umekwenda kuchukua chuma cha kunyanyulia, tuvumilie. Maji ni matulivu. Jua bado liko juu. Nimeomba, halafu nimeona kwamba sina la kufanya ila kuangalia, nikachukua daftari.

Ferdinand amekaa vilevile. Naona shati lake la bluu.

Pazia la dirisha la mbele limefunguka. Nililishona mimi, najua si upepo.

Mama anasema naye. Sisikii neno hata moja, naona tu kichwa cha Ferdinand kinakubali, kinakubali tena. Sasa amecheka! Mabega yanacheka.

Mkono wa Mama umetoka mlangoni na sahani, kitanda chake kinafikia pale. Ni bukari — ugali wetu — na dagaa za asubuhi, nilizomwekea yeye. Anamwekea sahani pembeni yake, kwenye kizingiti. Ferdinand haigusi. Mtumbwi bado hauonekani. Mkono wa Mama haurudi ndani, unamega bukari, unabaki pale pale kwenye sahani, unangoja.

Ferdinand amenawa kwa maji ya mto. Amegeuka kwa Mama.