Nafasi Moja ya Kwenda Geneva

Valbonnet, milima ya Cévennes
Novemba 1686

Mwanangu Gédéon,

Salamu kwako huko Geneva, kwa mkeo Marthe, na kwa huyo mjukuu wangu mliyempa jina bila kuniuliza. Hamjambo? Ameota meno? Mimi mzima. Goti linauma, lakini goti ni langu, sijamlalamikia mtu. Na usiucheke mwandiko. Nilifundishwa kusoma Biblia, sikufundishwa kuwaandikia watu waliokimbia.

Uliuliza habari za nyumbani. Nyumba yetu ya sala wameibomoa, mawe wamejengea zizi la farasi wa askari. Padri alitutangazia kwamba Mfalme ameifuta dini yetu, kwa hiyo Ufaransa nzima haina Mprotestanti hata mmoja. Nikamwuliza, kama hatupo, mbona kila Jumapili anaweka mtu mlangoni kutuita majina? Akasema bibi, funga mdomo. Nikamwambia naufunga, ila ajue ninao.

Misa twaenda, maana asiyekwenda huletewa askari wa kulala kwake. Mimi nililetewa wawili. Walikula mbuzi wangu, wakachoma kabati la marehemu baba yako, huku wakinibembeleza nisaini kwamba nimeongoka, eti ni karatasi tu. Nikawauliza, kama ni karatasi tu, Mfalme anaihangaikia ya nini? Walipotaka kuchoma na kitanda nikasaini. Usinune. Jina langu Mfalme amelipata. Alichokuwa anakitafuta hasa hajakipata, wala hajui nimekiweka wapi.

Sasa wameondoka na nyumba imekuwa kubwa. Kuna jioni nyingine, Gédéon, nawatamani hata wale wapumbavu wawili, waje waitukane supu yangu. Wenzangu wamekimbia, na waliobaki wanaogopana. Tukikutana kisimani tunaulizana habari za kondoo, kisha kila mtu na ndoo yake.

Unamkumbuka Jacob Roumégas, jirani aliyekuwa akifuma soksi? Walimkamata akihubiri kwenye kibanda cha kukaushia kokwa za miti ya mlimani, wakampeleka kupiga kasia kwenye merikebu za Mfalme hadi afe. Mkewe akafuata kwa homa. Binti yao, Élisabeth, nikamchukua mimi. Nilimfunza asitamke neno la zaburi mbele ya watu, naye akatii. Lakini siku moja akiswaga mbuzi wa watu aliivumisha zaburi puani, mdomo kaufunga, mbele ya mpiga kengele wa kanisa. Nani asiyezijua sauti za zaburi zetu? Amri ikaja: kesho anachukuliwa, akalelewe na masista, asahau baba yake alikuwa nani.

Na leo ndipo mtu wako wa kuvusha watu mpakani amefika, amejifanya mchuuzi wa sindano. Akanipa ujumbe wako kwamba nivae viatu vizito na niache ubishi. Nilivivaa. Hata mto wangu wa kulalia niliufunga. Kisha akasema anachukua mtu mmoja, kwa sababu njia za mlimani zinalindwa, tena punda wake ni mmoja. Nikamwambia huyu mtoto ni kijiti tu, hana uzito. Akajibu, mama, askari hawapimi uzito, wanahesabu vichwa. Nikamwita mwoga. Akasema ndiyo, mama, ndiyo maana bado yu hai.

Nilitaka kuja, mwanangu. Sikuwahi kukuambia maneno ya namna hii, maana sikukulea kwa kubembelezana. Nilitaka kumshika huyo mtoto wako kabla hajajua kukimbia kama wewe.

Sasa acha kusoma, uinue macho. Huyo aliyekupa barua hii, amesimama mlangoni na viatu vyangu alivyovijaza sufi, ndiye Élisabeth. Mpe chakula kwanza, maswali baadaye. Atakudanganya kwamba ameshiba, usimkubalie. Usiku hulia kimyakimya. Marthe alale naye. Na usithubutu kumwambia kwamba amekaa mahali pa mtu.

Wakija kesho watanikuta mimi kwenye kiti changu. Watamfanya nini kizee, wamfunge? Wanifunge. Mtoto akishaondoka nitabaki nikizungumza na kuta tu. Huko gerezani nako zipo.

Mchuuzi ananihimiza, mtoto ameshapanda punda. Mbusu mjukuu wangu, msalimie Marthe, mvae vizuri, baridi ya huko siijui.

Mama yako,
Suzanne Vidalenc