Kimya cha Duarani

Tarime, Machi 2016

Dada Gladys mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Migori? Na mama, magoti bado yanamsumbua? Sisi tunapumua, Mungu ni mwema, ila naandikia juu ya goti, basi usinicheke kwa mwandiko.

Unajua kazi yangu ni kusikiliza. Duara letu, hili shimo la kuchimbia dhahabu, ni refu, mtu akipiga kelele chini, juu hasikiki. Ndiyo maana Hamidu, fundi simu, alitutengenezea ukurasa kwenye kompyuta. Maikrofoni inateremshwa kwa waya, mimi nakaa chini ya turubai, nafungua kivinjari na kuwasikia wachimbaji wakikohoa na kutaniana.

Jumatatu niliipeleka kompyuta mjini kuichaji. Kivinjari kikaniambia kimepitwa na wakati, wezi wa mtandaoni wanaweza kuniingilia. Nikakubali kukisasisha. Nani anataka wezi?

Kesho yake Simioni na mwenzake walishuka. Kompyuta ikawa kimya, nasi tukafurahi! Umeishi huku, unajua wachimbaji wakifikia mwamba wenye dhahabu hunyamaza, ili watu wa duara la jirani wasije kuwavamia. Na Simioni alishasema wamebakiza kidogo. Heche, anayeendesha winchi ya kuwashusha, akaanza kucheza, mimi nikamimina chai.

Mwisho Heche uvumilivu ukamshinda, akashuka kujionea hiyo dhahabu. Jamani, yowe alilopiga! Magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yameporomoka juu yao. Tulifukua kwa mikono. Simioni alitoka akitembea. Mwenzake tulimbeba.

Hamidu akaja kuitazama kompyuta. Akasema kivinjari kipya hakiruhusu tena maikrofoni kwenye ukurasa usio na ulinzi, na wetu hauna. Kiliizima kimyakimya. Nimepigwa na butwaa mpaka leo.

Dada, kaa chini. Huyo mwenzake ni shemeji Omolo. Ile kazi ya duka Sirari uliyoambiwa haipo. Baba alipofukiwa ulimwapisha mumeo asikanyage duarani, nami ndiye niliyemwombea nafasi, nikakuficha. Yu hai, lakini mguu wa kulia umekatwa. Amenikataza kukuambia, na kwenye simu niliishia kwenye salamu.

Anasema kule chini aliniita mimi, “Shemeji! Shemeji!”, kwa sababu alijua nasikiliza. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Njoo, dada. Unipige ukitaka, lakini njoo.

Mama msalimie tu, hili usimwambie kwanza. Watoto nawakumbatia.

Mdogo wako mwenye aibu,
Abonyo