Kobe wa Mwamba Wako

Mbithi, rafiki yangu,

Mvua za vuli zimekuja haba na kuondoka tangu tukuzike. Sikukuandikia, kwa kuwa sikuwa na la kukuambia ila kwamba nimechoka. Leo lipo.

Mnunuzi amerudi Kanyangi. Si yule wa zamani; huyu ni kijana mwenye gari, kutoka mji wa barabara ya Mombasa. Anawataka kobe wale wale, bapa kama chapati, wanaojificha katika nyufa za mwamba ulio shambani mwako. Ng'ambo, asema, watu huwafuga nyumbani. Kibali hana. Kazi yangu yote ilikuwa kukagua masanduku ya wanyama wanaosafirishwa, na wenye haraka kama yake sikuwahi kuwaona na kibali.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkeo. Mahindi ya Kalekye yamekauka, maksai wenu wamekufa kwa ukame, na karo inadaiwa. Jumapili, baada ya ibada, Kalekye alinifuata nje ya kanisa.

"Shemeji, hiyo sheria yenu inasema nini juu ya mjane?"

Nilimjibu kwamba haisemi lolote. Jibu lilikuwa sahihi, nami sikulipenda.

Kisha akaanza kucheka peke yake, akanikumbusha magunia.

Unakumbuka, Naibu? Ukiwa naibu wa chifu, ulitangaza barazani kwamba kobe hawauzwi tena ng'ambo, kwamba sasa ni mali ya serikali. Watu wetu ni waaminifu. Siku ya soko wakaja kwa chifu na magunia, vyondo, hata sufuria, wakakukabidhi mali ya serikali. Bibi mmoja akakuagiza umpe wake maji kila asubuhi, kwani amemzoesha. Mimi niligeuka nicheke. Wewe hukucheka. Jua lilikuwa kali, na baadhi walikuwa wameanza kufa uani.

Ulimwuliza kila mtu alikomtoa wake, ukawabeba mgongoni katika gunia, mwamba hadi mwamba. Nilikuambia ungoje gari la idara ya wanyamapori. Ulisema kobe hutaga yai moja tu, hana muda wa kungoja idara. Ulikuwa mkaidi. Gari lenyewe halikuja.

Kalekye alipomaliza kucheka alifuta macho kwa leso.

"Mume wangu aliwarudisha kwa mgongo wake," alisema. "Nikiwauza, nitakuwa nimembebesha tena."

Jana alimfukuza yule kijana. Nilikuwepo. Alimwambia mwamba una swila, na kijana akalitazama gari lake.

Lakini atarudi, Mbithi, au atakuja mwingine, na neno jema halilimi shamba. Miguu yangu haipandi tena mwamba. Maksai wangu bado wana nguvu. Nakuahidi hivi: mvua ikinyesha, watalima shamba lako kabla ya langu, msimu huu na kila msimu nitakaoishi, ili Kalekye aweze kukataa.

Lala, Naibu. Gunia limetuliwa.

Nduguyo,
Muthengi