Leta, Leta, Hapo Hapo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini mgongo wa mama umetulia, nawe unapata usingizi huko unakomuuguza. Sisi tuliobaki nyumbani kwako tu wazima. Mumeo anapika maharage ambayo risasi ni laini kuliko hayo, nami nakula tu, kitambi hakina adabu.

Unajua nilivyowachosha kwa hadithi za vita vya nchi jirani, jeshi letu liliponiazimisha kwao niwe mshauri. Ni kazi ya kusema sana na kusikilizwa kidogo, kama wifi kwenye harusi. Neno langu moja tu ndilo lililoshika. Upande wa adui palikuwa na mtu aliyeelekeza mizinga kwa redio, nasi tulikuwa tukiyanasa maneno yake hewani. Alisema kama utingo anayemwelekeza dereva lori likirudi nyuma: leta, leta, kata kulia, leta, hapo hapo. Nikisikia "leta" ya kwanza, nawapigia vijana kelele redioni: shimoni, wajomba! Tulimwita Utingo.

Jumamosi lori lilileta mchanga wa ukuta wako. Mumeo akasimama nyuma yake kumwelekeza dereva. Alianza "leta, leta", na alipofika "hapo hapo", nilijikuta nimelala kifudifudi karibu na banda la kuku. Dereva alicheka. Mumeo hakucheka.

Aliniinua, akanipangusa shati, akasema siku hiyo alikuwa akiingoja. Dada, ile miaka aliyosema anauza matrekta ng'ambo, hakuuza hata tairi. Alikuwa mshauri wa upande wa pili. Na sauti yangu redioni aliitambua mapema sana. Anasema alizivuta zile "leta" makusudi, nimalize kuwaita watu shimoni, ndipo aseme "hapo hapo". Miaka yote hii ameketi mezani akizisikiliza hadithi zangu, anatikisa kichwa panapostahili.

Nikamuuliza kuhusu mpishi wetu, aliyekufa na mwiko mkononi siku ambayo "leta" ilikuwa moja tu. Akajibu kwamba siku ile mkubwa wake alikuwa amesimama begani kwake. Kisha akaingia ndani kuosha vyombo.

Sijui kama shemeji aliniokoa au niliponea tu mikononi mwake.

Aliniomba nisikwambie. Nimemjibu kwamba barua naipeleka posta, na simu anayo. Kama amekupigia kabla hujaifungua, umeyasikia kwake mwenyewe, kama inavyopasa. Kama hajapiga, basi umeyapata kwangu. La kufanya usiniulize, dada. Kazi ya ushauri nilikwisha kuiacha.

Mshike mama mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kitambi