Kufuli Tatu za Godauni

Hapana Mama Nafula, sijafukuzwa, na nyanya hazikuoza. Yule aliyekuambia ati bwana yako analia nje ya godauni hapa Bondeni alisema nusu. Nililia, lakini ni jua. Nyinyi mko aje huko? Kifua ya Nafula imepona? Mimi niko mzima, hata shati inaanza kunibana.

Sasa sikia. Mwenye godauni alileta watu wa kupaka milango ya stoo zetu rangi. Wakatoa makufuli yote, wakatupa kwa debe moja. Kumaliza, kila mlango wakaupiga kufuli yenye mkono ilishika tu. Asubuhi funguo yangu inakataa. Jirani yangu Mama Zuhura, yule Mwislamu wa samaki kavu, yake inakataa. Bwana Hardeep, Singasinga wa vitambaa, pia. Na mwenye godauni ameapa, mtu akivunja kufuli, ahame.

Ndani kuna nyanya zangu za Rongai, zimeiva zote. Na tulikubaliana mimi na wewe: hii mzigo ikiharibika, narudi kukata miwa ya baba yako!

Tukaangalia kufuli za milango yote. Kumbe kufuli yangu iko kwa Bwana Hardeep, yake iko kwa Mama Zuhura, ya Mama Zuhura iko kwangu. Sasa nani atakubali jirani amfungulie?

“Wewe mtu ya nyanya, hapana fungua stoo yangu!” Bwana Hardeep amekumbatia mlango.

“Na mlango wangu hafungui mwanamume,” Mama Zuhura naye.

Tukasimama hapo, jua linapanda, nyanya zinaiva mara ya pili. Nikasema, “Mama, anza na yangu. Ukiiba nyanya, pika, halafu uniite.”

Akacheka, akafungua, akachukua kufuli yake. Hakugusa kitu. Bwana Hardeep kuona hivyo akalegea: “Basi fungua, lakini funga macho.” Nikafungua kama mtu anaomba, nikagonga kichwa kwa mlango. Alicheka mpaka akashika ukuta! Halafu yeye akafungulia Mama Zuhura, uso ukiangalia barabara.

Wale watu, Mungu awakumbuke. Mama Zuhura aliita wateja wake: “Samaki bila nyanya mtapikaje?” Kufika saa sita sanduku zilikuwa tupu. Bwana Hardeep akanikatia kitambaa ya maua, rinda ya Nafula. Nimeitunza.

Salimia mama yako, na ndugu yangu anayechunga ng'ombe. Baba yako mwambie miwa itafute mtu mwingine.

Kufuli yangu iko na funguo mbili. Ya pili ndiyo hiyo nimefunga ndani ya karatasi. Tupatane hivi: shule zikifungwa, wewe lete kuku na mayai, mimi nilete midomo ya kuuza, mlango uwe wetu wawili. Ukikubali, kuja nayo. Ukikataa, irudishe kwa posta, lakini stempu ununue mwenyewe.

Ni mimi, wako wa nyanya,
Baba Nafula