Aproni ya Bucha na Mbwa Aitwaye Meneja

Shangazi mpendwa, shikamoo. Jambo hili limenishinda, nisaidie na usinicheke, maana wengine niliowaeleza wameniambia mbwa ni mbwa tu. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alikuwa na bucha, na kwa miaka tisa kila asubuhi alimlisha mbwa wetu nyama mbichi, vipande vya moyo na mapafu na mfupa mmoja laini, akimwita Meneja kwa sababu anapenda kulala huku akitazama wengine wakifanya kazi. "Meneja, njoo ukague mzigo," ndivyo alivyokuwa akisema, nami nikiwa jikoni nasikia nacheka. Sasa ni mwezi wa tano tangu mume wangu aanguke palepale buchani, saa nne asubuhi, na wenzake wakaniletea aproni yake ikiwa bado na damu ya ng'ombe. Kila jioni alikuwa akiifua mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni, hataki niiguse, anasema uchafu wa bucha usiingie kwenye nguo za wateja wangu, lakini ile ya siku ile sijaifua, Shangazi, na sitaki kuifua, kwa sababu shuka zilifuliwa msibani, mashati yake dada zake wakawagawia ndugu, mimi nimebaki na hiyo tu. Kila asubuhi naitandika sakafuni pale alipokuwa akisimama, naweka nyama juu yake, nasema "Meneja, njoo ukague mzigo," na mbwa anakuja mbio, anakula, ananusanusa, na kwa dakika zile tano nyumba inakuwa na mtu. Tatizo ni kwamba wiki ya tatu sasa anahara na kutapika, mbavu zinahesabika, daktari wa mifugo amesema niache nyama mbichi, binti yangu naye anapiga simu kila siku, "Mama, mchemshie huyo mbwa, utamuua," basi nikachemsha, nikamsukumia bakuli, akanusa, akaenda kulala mlangoni akitazama njia. Nikichemsha hali, nikimpa mbichi anaugua, na huyu akifa hakuna tena wa kukumbuka pamoja nami asubuhi zetu zilivyokuwa. Nifanye nini?

Mjane wa mwenye bucha

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Sijakucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeziba pua. Umeniuliza habari za nyama, ukaipitisha aproni harakaharaka kana kwamba si hoja. Damu ya miezi mitano, kitambaa kilekile, nyama mbichi juu yake kila siku, halafu unashangaa mbwa anahara? Mumeo alimlisha mbichi miaka tisa, lakini alikuwa mtu wa maji ya moto. Wewe umerithi nyama ukaacha sabuni. Na daktari hukumwambia habari za aproni, nakujua. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, hata kama mgonjwa ana miguu minne.

Kesho mrudishe kwa daktari na useme yote. Mbichi iache kama alivyokuagiza. Nyama mchemshie, mmiminie na mchuzi wake bila chumvi, kwenye bakuli la bati unaloliosha kila siku. Mifupa usichemshe kabisa, ikiiva inapasuka na kumchoma tumbo. Halafu usimsukumie bakuli kama mtu anayelipa faini. Simama palepale, umwite akague mzigo. Nadhani siku ile alichokikosa si damu, ni mwaliko.

Imebaki aproni. Naijua hamu ya kumnusa mtu aliyeondoka, mimi nami nimezika, na mto wake niliulalia hadi ukabaki kunuka mimi mwenyewe. Lakini harufu unayoilinda si yake. Yake ilikuwa ya sabuni, umeniandikia kwa mkono wako. Mtu yule hakulala hata siku moja na aproni chafu ndani ya nyumba, ila ile moja ambayo hakurudi kuifua. Chemsha maji, mwanangu, umfulie.