Mayai Matatu kwa Wavulana Sita

Mpendwa Shangazi Ilka, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote duniani. Jumatatu ya Pasaka, wavulana walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutunyunyizia sisi wasichana manukato, kama ilivyo desturi yetu, ili wapewe yai la rangi, mimi nilikuwa nimeshawapigia hesabu, kwa sababu darasani ni sita na kila mmoja nilimpa nafasi ya nusu kwa nusu ya kuja, basi thamani tarajiwa, yaani wastani wa watakaokuja, ikawa tatu, na hesabu hii nimefundishwa kwa Kihungaria na kwa Kiserbia na kote napata alama za juu, kwa hiyo mama aliponiambia, "Paka rangi mayai dazeni, mwanangu," nikamjibu, "Ni watatu, mama, nimehakikisha," nikapaka matatu tu, na wakaja wote sita, mayai yakaishia kwa wa mbele, na wa mwisho alikuwa Levente, ambaye ana haya kama mimi na ndiye niliyekuwa namngojea, akabaki na mkono wazi huku wenzake wakisema, "Pole, ndugu, wewe umenyunyiza bure," na sasa akiniona anavuka barabara. Je, hesabu ilinidanganya? Nasikia hatua za mama zinakuja mlangoni na karatasi hii nilikuwa nimeifunika kwa daftari, lakini nimechoka, nimeifunua, acha aione.

Emese, Subotica

Emese, pole, halafu usiisingizie hesabu. Tatu yako ni sahihi. Kosa lako ni kuigeuza ahadi. Huo ni wastani wa Pasaka nyingi sana, si orodha ya wageni wa Pasaka moja. Tena wavulana wa huko kwenu unawajua, wanatembea kama bata bukini: akija mmoja wamekuja wote, asipokuja mmoja hutamwona yeyote. Ni sita au hakuna. Wastani wake ni watatu kweli, na watatu hutawaona hata ungoje Pasaka mia. Mama yako hana daftari, ila anajua kwamba yai likizidi mtalila Jumanne na nyama ya moshi, na likipungua kuna mtu ataondoka ameumia.

Sasa paka yai moja, jekundu, umpelekee mwenyewe. Ndiyo, kwetu msichana hamfuati mvulana na yai. Safari hii utamfuata. Sema, "Levente, nilikosea, hili ni lako," na mambo ya wastani yaache nyumbani. Wala usikadirie kwanza kama atatabasamu. Daftari litakupa nusu tabasamu, na mlangoni kwao hakuna kitu kama hicho.